Risasi ya mbogo: .375, .416, .458 au .470? Na kwa nini bastola ya mteja ilibaki kwao

Nina kopo la maziwa ya unga ambalo mke wangu ameniambia si mara moja nilitupe. Ndani yake mna vichwa kumi na saba vya risasi, vyote vimechimbuliwa kwenye nyama ya mbogo wakati wa kuchuna, vikaoshwa, kila kimoja kikafungwa plasta yenye tarehe na jina la kitalu cha uwindaji. Msimu uliopita ulipofungwa nilibeba kopo hilo hadi mjini Arusha kwa rafiki yangu, dalali wa mawe, nikamwomba mzani wake wa tanzanaiti. Kwanza alinicheka. Kisha akafuta sahani ya mzani kwa kitambaa, akasema, "Haya, lete mawe yako tuyaone."

Kichwa kipya cha kaliba .375 (namba hiyo ni unene wake kwa inchi) chenye greni 300 kina gramu 19.4, sawa na karati 97 na kidogo. Tulianza na kimoja kilichotoka kwenye bega la dume niliyemkumbuka vizuri. Kilikuwa softi, yaani risasi ya pua laini, ya kizamani: koti la shaba nje, madini ya risasi ndani, kimoja kimeshikiliwa na kingine kwa kubanwa tu. Mzani ukasoma 54. Yaani karibu nusu ya kichwa ilibaki vipande vipande ndani ya nyama, haikufika kokote. Tukaweka kingine, kaliba ileile, uzito uleule, bunduki ileile, ila hiki koti na madini ya risasi vimeunganishwa kiwandani vikawa kitu kimoja. Mzani ukasoma 91.

Dume wa kichwa cha 54 tulimfuata kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, tukimkuta amegeuka na kutungoja kando ya njia yake mwenyewe. Dume wa kichwa cha 91 alikwenda kama hatua arobaini.

Ndiyo maana siku hizi kijana akiniuliza, "Kaka, kwa mbogo nichukue kaliba gani?" namrudishia swali: kichwa gani? Ninajua anataka namba. Namba nitazitoa, zimo humu zote. Lakini mabishano ya kaliba ninayoyasikia pale Sakina jioni, wasaidizi wa wawindaji bingwa wakiwa na chai na mishikaki, hufanana na watu wanaobishana ukubwa wa mpini bila kuangalia makali ya shoka.

Kwanza tumalize habari ya bastola

Mteja mmoja wa Texas aliiandikia ofisi yetu ya uwindaji kwamba angependa kumpiga mbogo kwa bastola yake ya .44 Magnum. Si mwendawazimu. Kwao kuna watu wengi wanaowinda paa wakubwa na nguruwe kwa bastola, na Alaska mtu hutembea nayo kiunoni kwa sababu ya dubu. Hata Afrika Kusini wapo waliomwangusha mbogo kwa bastola. Mwenzao mwenye bunduki nzito alikuwa amesimama ubavuni, lakini walimwangusha.

Jibu la kisheria ni fupi: kwenye uwindaji wa kitalii hapa Tanzania bastola si silaha ya kuwindia, na kwa wanyama hatari kaliba ya chini ni .375. Angeweza kuishia hapo. Ila aliuliza sababu, na mimi nilipewa kazi ya kuiandika, basi nikakaa na karatasi.

.44 Magnum ilitoka katikati ya miaka ya 1950, ikisukumwa sana na Elmer Keith, mtu aliyeamini bastola inaweza zaidi ya watu walivyodhani. Kichwa cha kawaida ni greni 240, gramu 15.6, kikitoka mtutuni kwa mita kama 360 hadi 420 kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli 1,000 hadi 1,400. Weka hiyo kando ya .375: jouli 5,800. Hata .500 Smith & Wesson, dude lililotolewa mwaka 2003 ambalo ukilishika unaona kama umeshika spana ya lori, linafika jouli 3,500 hivi, na hiyo ni chini ya .30-06 ambayo sisi tunampigia kongoni.

Lakini nguvu peke yake haielezi kila kitu, na hapa ndipo watu hudanganywa na majedwali. Mskoti W. D. M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ndogo kuliko .30-06. Mpenda bastola akikutajia Bell, usimkatalie. Mwambie apige hesabu. Wataalamu hugawanya uzito wa kichwa kwa mraba wa unene wake, kwa vipimo vyao vya pauni na inchi, wapate namba inayoonyesha kichwa kitapenya namna gani. Kichwa cha greni 173 alichotumia Bell kinapata 0.306. Cha .375 chenye greni 300 kinapata 0.305. Mapacha! Cha .44 kinapata 0.186. Mkuki wa Kimasai una bapa refu, jembamba na zito kwa sababu hiyohiyo. Ukichukua chuma kilekile ukakifua kiwe duara kama kifuniko cha sufuria, hakitapita mbavuni hata ukirushe kwa hasira gani. Tena Bell alitumia risasi ngumu isiyochanua, na alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi. Wewe umepasua mafuvu mangapi?

Mteja alijibu kwa adabu, akaomba bunduki ya kukodi. Tutamrudia.

Kaliba nne, zikiwa zimesimama pamoja

Hizi ndizo utakazozikuta mikononi mwa watu wa vitalu. Mwendo na nguvu ni vya mtutuni, kwa risasi za kiwandani, na hutofautiana kidogo kwa kiwanda na urefu wa mtutu.

| Kaliba | Kichwa cha kawaida | Mita kwa sekunde | Jouli | Namba ya kupenya |
|---|---|---|---|---|
| .375 H&H Magnum | greni 300 (gramu 19.4) | 770 | 5,800 | 0.305 |
| .416 Rigby | greni 400 (gramu 25.9) | 730 | 6,900 | 0.330 |
| .458 Winchester Magnum | greni 500 (gramu 32.4) | 640 | 6,600 | 0.341 |
| .470 Nitro Express | greni 500 (gramu 32.4) | 655 | 6,950 | 0.318 |

Ukisoma jedwali hilo harakaharaka utaona .375 ni mdogo wao, ukaipita. Vijana wengi hufanya hivyo. Mimi nimebeba .458 misimu mitano na .375 misimu minane, na leo ningepewa moja tu ya maisha ningechukua .375 bila kuuliza bei.

.375 ilitolewa na Holland & Holland mwaka 1912, na mpaka leo hakuna aliyeitoa kwenye kiti. Ina mwendo unaokaribiana na wa .30-06 yenye kichwa cha greni 180, kwa hiyo ukiisawazisha vizuri unaweza kumpiga pofu akiwa mita 200 bila kulenga kwa kubahatisha juu ya mgongo, na mchana huohuo ukamwendea mbogo kichakani kwa hatua thelathini. Risasi zake zinapatikana kuliko hizo nyingine tatu. Sanduku likipotea uwanja wa ndege wa KIA, ambako masanduku hupotea, utaazima kwa jirani wa kitalu. Hiyo .470 utaiazima kwa nani?

.416 Rigby ni ya 1911, mwaka mmoja tu nyuma. Kwa mbogo na tembo ni risasi nzuri mno, pengine nzuri kuliko zote nne. Ganda lake ni pana, baruti imekaa kwa nafasi, shinikizo ni dogo, na hata jua la Longido likichoma bunduki, ganda linatoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, bila kung'ang'ania. Kasoro yake ni kwamba ganda kubwa linataka bunduki kubwa, na bunduki kubwa ni nzito na ghali. Mwaka 1988 Remington walitoa .416 yao, ganda jembamba zaidi, kazi ileile, ila kwa shinikizo kubwa zaidi. Ukinunua risasi soma jina lote kwenye boksi, si namba tu. Nimeona kijana akirudi Moshi kubadilisha boksi zima kwa sababu aliishia kusoma ".416".

.458 Winchester Magnum ndiyo yenye hadithi. Ilitoka mwaka 1956 kwa ahadi tamu: nguvu ya bunduki ya mitutu miwili ndani ya bunduki ya komeo (ya mtutu mmoja, unavuta komeo kuingiza risasi nyingine) ambayo mtumishi wa kawaida wa wanyamapori angeweza kuimudu. Idara nyingi za wanyamapori Afrika ziliipokea. Tatizo lilikuwa kwenye ganda. Walilifupisha, milimita 63 na nusu, ili liingie kwenye bunduki za kawaida, kisha wakalazimika kushindilia baruti kama mtu anayefunga sanduku la nguo kwa goti. Baruti iliyoshindiliwa, ikikaa miaka kwenye joto, iliganda. Ikiganda haiungui yote. Mtu anafyatua, bunduki inalia, kichwa kinatoka kivivu. Jack Lott, Mmarekani, aliumizwa vibaya na mbogo huko Msumbiji mwaka 1959, na baadaye akatengeneza .458 Lott yenye ganda la milimita 71, kichwa kilekile kikienda mita 700 kwa sekunde. Bunduki ya Lott inakubali pia risasi za .458 Winchester ukikwama. Kinyume chake haiwezekani.

Baruti za sasa zimeponya ugonjwa huo, hilo niseme wazi ili wenye .458 wasinifuate. Ila boksi la zamani la kurithi, lenye karatasi iliyofifia, usilipeleke kwa mbogo. Lipeleke kwenye shabaha ya karatasi, au liache kabisa.

.470 sitaizungumzia sana. Ni ya bunduki za mitutu miwili, nzuri kama saa ya babu, na risasi yake moja hugharimu mara mbili ya .375 au zaidi. Mitutu yake miwili imepangwa kiwandani ikutane kwenye nukta moja kwa aina moja ya risasi. Ukibadili kichwa, mmoja unaangalia Meru na mwingine unaangalia Monduli. Mwenye nayo anajua anachokifanya, au ana mtu wa kumlipia.

Mtu ataniuliza kuhusu 9.3x62, ile aliyoitengeneza Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ambayo wakulima wa Kijerumani waliipenda sana huku Afrika. Ni risasi nzuri, teke lake ni la upole. Lakini milimita 9.3 ni nyembamba kidogo kuliko .375, kwa hiyo kabla hujaipanga kwa mbogo muulize ofisa anayekupa kibali, akuandikie. Usimtegemee mwenzako wa kambini aliyesema "huwa wanaruhusu".

Softi au solidi

Hapa ndipo kopo langu linapozungumza.

Softi ina pua iliyo wazi. Ikigonga inachanua kama uyoga, unene wake unaweza kukaribia mara mbili, inafungua njia pana na kumwaga nguvu zake ndani ya mnyama. Lakini uyoga unavyozidi kuwa mpana ndivyo unavyokwama. Solidi haichanui. Ni shaba tupu, au madini ya risasi yaliyovikwa koti la chuma. Inaingia nyembamba, inavunja mfupa, inaendelea, na mara nyingi inatokea upande wa pili.

Kwa tembo hakuna mjadala: solidi. Ubongo wake umekaa nyuma ya mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, na softi itaishia kwenye sega. Kwa simba na chui pia hakuna mjadala: softi inayochanua haraka, kwa kuwa mwili wao ni mlaini na unataka kazi yote ifanyike palepale. Kwa pofu, nyumbu na pundamilia, softi yoyote ya heshima.

Kwa mbogo ndipo wazee wanapogombana. Dume ni kilo 600 hadi 800, mbavu zake zimesongamana, na akishakasirika damu yake humfanya asisikie maumivu. Mzee aliyenifundisha kazi, Mchaga wa Kibosho aliyeanza kama mbeba bunduki, hakutaka kusikia neno softi. "Mwanangu," alikuwa akisema, "mbogo hafi kwa tundu pana, anafa kwa tundu linalofika." Kwa risasi za enzi zake alikuwa sahihi kabisa. Kichwa changu cha karati 54 kinamtetea hadi leo.

Ila solidi ina dhambi yake. Mbogo hasimami peke yake. Siku moja, kwenye kundi la kama themanini, mteja alipiga solidi nzuri, bega kabisa, na dume akaanguka. Tulishangilia. Msoma nyayo wetu hakushangilia. Alikuwa akiangalia vumbi la kundi lililokuwa likiondoka. Akanyoosha kidole kwenye majani, mahali ambapo dume hakuwahi kukanyaga, na pale palikuwa na damu. Risasi ilikuwa imempita dume, ikampata jike nyuma yake. Tulimpata jioni, mbele kidogo ya giza. Mnyama wa pili analipiwa, anaandikiwa ripoti, na wewe mwindaji unaangaliwa na askari wa wanyamapori kwa jicho ambalo halisahauliki.

Kwa hiyo mimi nalinganisha hivi. Dume peke yake, au amejitenga, uwazi uko nyuma yake: softi iliyounganishwa kwanza, halafu solidi zote zinazofuata. Ya kwanza unampiga amesimama ubavu, umetulia, unachagua mahali. Zinazofuata atakuwa anakimbia, mara nyingi amekupa makalio, na risasi itabidi isafiri urefu wote wa tumbo lililojaa majani mabichi ndipo ifike kifuani. Majani mabichi yaliyoloa yanakula softi kuliko mfupa. Hilo sikulisoma popote, nimelichimba kwa kisu. Dume ndani ya kundi: softi, au subiri. Zaidi, subiri.

Ipo aina ya tatu, shaba tupu inayochanua, ambayo Barnes waliianza mwaka 1989. Pua yake inapasuka na kukunjuka petali nne, na kwa kuwa ni kipande kimoja hakuna cha kumwagika. Nina viwili kwenye kopo. Kimoja kilisoma karati 97, kana kwamba kimetoka dukani kikapindwa kwa koleo. Rafiki yangu dalali alikigeuzageuza kwenye mwanga, akasema hiki ningekiuza. Kasoro ni kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu na kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Ndiyo maana wengi kwenye .375 hushuka hadi greni 270. Mimi sioni ubaya, kwa sababu greni 270 zinazofika zote zinazidi 300 zinazofika nusu.

Kuhusu solidi, angalia pua. Zenye pua bapa huenda moja kwa moja ndani ya nyama. Zenye pua ya mviringo hupenda kupinda njia zikishagonga mfupa. Lakini bunduki nyingine za komeo hazipendi pua bapa, zinaikwamisha mlangoni mwa chemba. Jaribu kambini, risasi zote za magazini, kwa haraka, mara tano. Ikikwama hata mara moja, rudi kwenye mviringo. Na softi na solidi zako lazima zigonge mahali pamoja kwa mita 50. Kama softi inagonga katikati na solidi inagonga kiganja kizima kushoto, hujachagua risasi bado, umenunua tu.

Teke

Dogo mmoja kutoka Moshi, mwembamba, kilo sitini na kitu, mwerevu wa nyayo kuliko wengi, alikuja na uamuzi wake tayari: .458, kwa sababu "ndiyo ya wanaume". Tulikwenda naye kwenye shabaha nje ya kambi. Nikamwekea sahani ya bati mita 50. Ya kwanza alipiga sahani. Ya pili akapiga udongo. Ya tatu nilimpakilia mimi mwenyewe, nikaweka risasi ya bandia bila kumwambia, nikamkabidhi. Akalenga, akavuta pumzi, akafyatua. Bunduki haikulia. Mtutu ukazama chini kama mtu anayechota maji kwenye ndoo, na macho yake yalikuwa yamefumba.

Hakukuwa na haja ya hotuba. Aliona mwenyewe.

Teke la .375 kwenye bunduki ya kilo nne hivi ni karibu mara mbili ya la .30-06. La .458 ni mara tatu. .416 Rigby haiko mbali na hiyo. Mwili unaweza kuzoea, lakini unazoea kwa mazoezi, na mazoezi yanataka risasi, na risasi za .458 zinataka pesa. Ndipo mtu anapiga tano mwezi Juni, anasema ameshasawazisha, halafu Julai 1 msimu unafunguliwa naye anafumba macho mbele ya mbogo. Kichwa cha greni 500 kilichopita juu ya mgongo kina nguvu ya kutisha ndege tu.

Nilimpa .375. Alipiga sahani mara nne kati ya tano, akiwa amesimama, bila kuegemea kitu. Ile ya tano ilikosa sahani kwa unene wa kidole. Alitaka kujua kama .375 inatosha mbogo akija moja kwa moja. Nilimwambia ukweli: akija moja kwa moja, .458 ni bora, na ndiyo maana mwindaji bingwa anayesimama nyuma ya mteja anastahili kuibeba ikiwa anaiweza. Kazi yake ni kusimamisha. Kazi ya mteja, na ya mwenyeji mwenye leseni yake aliyetoka kutafuta nyama, ni kupiga ya kwanza mahali pake ili hiyo kazi ya pili isihitajike. Ni kazi mbili, na zinaweza kutaka bunduki mbili.

Dukani na garini

Utauziwa risasi za kaliba iliyoandikwa kwenye leseni yako tu, na kwa idadi waliyokuruhusu, kwa hiyo fikiria kabla ya kujaza fomu, si baada. Ukipata aina iliyokubaliana na bunduki yako, nunua maboksi yenye namba moja ya toleo, iliyopigwa ubavuni mwa boksi. Matoleo mawili ya kiwanda kimoja yanaweza kugonga sehemu mbili. Toa kila risasi, iviringishe mezani. Inayoyumba, iache. Angalia fataki kwa nyuma, kile kitufe kinachogongwa kuwasha baruti: isimame sawa na kitako cha ganda, isitokeze.

Na usiache risasi kwenye dashibodi. Nimewaona watu wa heshima wakifanya hivyo, gari limeegeshwa juani Umasaini saa nane mchana, risasi zinang'aa mbele ya kioo kama karanga za kukaanga. Baruti iliyopata joto inaongeza shinikizo, kichwa kinatoka kwa kasi usiyoijua, na ganda linaweza kung'ang'ania chembani wakati ule ambao unaihitaji ya pili. Mfuko wa ngozi kiunoni, ubavu wa kivuli. Softi mfuko wa kushoto, solidi mkanda wa kulia, na usizichanganye hata usiku wa kufungasha.

Yule mteja wa Texas alikuja Agosti. Tulimpa .375 ya ofisi, siku mbili za sahani ya bati, softi moja juu na solidi tatu chini. Dume alikuwa peke yake kwenye korongo, hatua hamsini na tano, ubavu. Alipiga moja, akasubiri kidogo, akapiga ya pili kama tulivyomfundisha ingawa dume alikuwa amekwisha kupiga magoti. Solidi hatukuipata, ilipita. Softi ilikuwa chini ya ngozi ya upande wa pili, unaigusa kwa kidole kabla ya kupasua. Aliitaka awe nayo ukumbusho, nikamwomba aniachie nikaipime kwanza. Karati 89. Nilimtumia picha ya mzani, naye akasema basi libaki nalo kopo.